Njia za malipo kwenye duka la mtandaoni: nani akae roho juu, wewe au mteja?

Ukiona watu wanajaza kikapu alafu wanapotea, kabla hujakimbilia kushusha bei nenda kwanza kaangalie ukurasa wako wa malipo, tena ufungue kwa simu ya kawaida yenye intaneti ya kusuasua, sio kwa hiyo laptop yako. Mi nauza mabegi mtandaoni, na marafiki wakiniomba niwaangalizie maduka yao naona mambo yaleyale mawili, ama mwenye duka kaweka njia moja tu ya kulipa, ile anayoipenda yeye, ama kajaza nembo za rangi rangi ukurasa mzima mpaka mtu hajui abonyeze wapi.

Watu wengi wanachagua njia ya malipo kwa kuangalia makato. Sawa, makato ni muhimu, ila mi naanza na swali lingine: nani anaogopa? Dukani unatoa hela unapewa mzigo palepale, imeisha. Mtandaoni lazima mmoja atangulie, ama mteja atume hela akae roho juu, ama we utume mzigo ukae roho juu, na kila njia ya malipo ni namna ya kuamua hiyo hofu inakaa upande gani. Alipay, ile huduma ya malipo ya China, ilipoanzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya wanunuzi wa soko la mtandaoni la Taobao, kazi yake kubwa ilikuwa hiyohiyo, kushika hela ya mnunuzi katikati mpaka akubali kwamba mzigo umefika, ndo muuzaji anapewa chake.

Sasa zipitie njia zako kwa jicho hilo. Kutuma kwa benki ni raha kwako, hela ikishaingia ni ngumu kurudi, lakini mtu asiyekujua unamwambia atume hela kwenye akaunti alafu asubiri, hapo unaomba imani ambayo hujaijenga bado. Kwa wateja wa zamani na wanaonunua kwa jumla iache, inafaa sana. Kwa mgeni isiwe njia pekee.

Kadi ni kinyume chake. Mteja ana kinga, akisema sijapata mzigo au sio mimi niliyelipa anaenda benki yake kupinga muamala, na kwa Visa na Mastercard sababu nyingi za kupinga zinampa mpaka siku 120. Kwahiyo hela ya kadi usiihesabu kama imeshakuwa yako kabisa, tunza ushahidi wa kupokelewa kwa mzigo, meseji mlizoandikiana, kila kitu, maana ukiulizwa unakuwa na siku chache tu za kujibu na usipojibu umeshindwa. Pia hakikisha ule uthibitisho wa ziada wa benki umewashwa, ule unaomletea mteja namba kwenye simu au kumpeleka kwenye app ya benki yake. Ni kweli unaongeza hatua na wengine wanakata tamaa hapo, ila muamala ukishathibitishwa hivyo halafu ikaja kusemwa kadi iliibwa, mara nyingi hasara inakuwa ya benki iliyotoa kadi, sio yako. Na tafadhali jamani, usimwambie mteja akutumie namba za kadi WhatsApp, wala zile namba tatu za nyuma usizihifadhi popote, kanuni za usalama wa kadi zinakataza kabisa kuzitunza baada ya muamala kuidhinishwa. Tumia kampuni ya kuchakata malipo, mteja ajaze kwenye ukurasa wao, we usizione kabisa.

Pesa za simu ndo sehemu watu wengi wanaiona rahisi na ndo yenye vurugu nyingi za kimyakimya. Kama mteja wako anatumia pesa za simu na we umeweka tu namba ya kulipia na maelezo "tuma hapa kisha tutumie skrinshoti", umejitengenezea kazi ya usiku na mchana, mtu anakosea tarakimu, mwingine anasahau namba ya oda, mwingine anakutumia meseji ya muamala aliyoitunga mwenyewe na inafanana na ya kweli kabisa. Skrinshoti sio malipo, malipo ni salio lako. Bora mfumo unaomtokezea mteja ombi kwenye simu yake, anaona kiasi na jina la biashara, anaweka namba yake ya siri kwenye simu yake, basi. Ila hata huo una mtego wake, saa ingine hela inakatwa na taarifa inachelewa kufika dukani kwako, mteja anaona "haijalipwa" analipa tena. Mwambie fundi wako aandike pale "tunathibitisha malipo yako, usilipe tena" badala ya kumwonyesha kosa jekundu, na mfumo uulize wenyewe hali ya muamala kabla ya kumruhusu mtu ajaribu mara ya pili. Hilo moja litakupunguzia ugomvi kuliko nembo yoyote utakayoongeza.

Kulipa mzigo ukifika kunavuta wateja waoga, sikatai, lakini hofu yote unaibeba wewe, mtu kaagiza kwa mhemko, dereva anafika simu haipokelewi, gharama ya kwenda na kurudi ni yako. Mi sikutoi huko, nachosema mwombe atangulize japo gharama ya usafiri. Anayeitaka kweli bidhaa hasumbuki na hilo, na huyo anayesumbuka ndo yuleyule ambaye simu isingepokelewa.

Zile huduma za nunua sasa lipa kidogokidogo, kina Klarna na wenzao, wanakulipa we mapema wakishatoa chao, na wao ndo wanamdai mteja. Makato yao huwa makubwa kuliko ya kadi. Kwa bidhaa ya bei kubwa nazielewa, kwa vitu vidogo vidogo sioni maana.

Tukija kwenye makato, angalia muundo wake sio asilimia tu. Kuna kampuni zinatoza asilimia pamoja na kiasi kisichobadilika kwa kila muamala, na hicho kiasi kwenye oda ndogo kinakula faida yote bila kelele. Wengine wanamuongezea mteja hayo makato ukurasa wa mwisho. Mi sipendi, mtu anakuwa ameshakubali bei kichwani alafu unambadilishia mlangoni, na kuna sehemu sheria inakataza, Umoja wa Ulaya kwa mfano umezuia kuwatoza wanunuzi wa kawaida nyongeza kwa kadi nyingi tangu Januari 2018. Yaweke ndani ya bei yaishe.

Kwahiyo ngapi? Kwa duka dogo, mbili au tatu zinazofanya kazi vizuri: ile ambayo wateja wako wanaitumia kila siku, moja inayomlinda mgeni, na moja ya wanunuzi wakubwa. Zioneshe mapema, hata kwenye ukurasa wa bidhaa, maana kuna mtu hajazi anwani mpaka ajue atalipaje. Alafu jinunulie mwenyewe kwa kila njia, kitu kidogo tu, mpaka mwisho, kisha jirudishie hela, kwasababu kwenye kurudisha ndo utaona njia ipi inachukua siku na ipi inabaki na makato yake. Ukianza kurudishia wateja, rudisha kwa njia ileile mtu aliyolipia, hata akikubembeleza vipi. Mtu aliyelipa kwa kadi alafu anataka arudishiwe kwenye namba ya simu, muulize kwanini, maana kadi ikiwa ya wizi utamtumia yeye leo na kesho benki inakuja kuchukua tena kwako.