Futa hiyo sentensi ya pampu kabla hujala sapu kama mimi

Mkuu, simama hapo hapo. Kuhusu pampu ya sodiamu na potasiamu iliyo kwenye utando wa neva, umeandika "sodiamu ikiingia neva inashtuka, kisha pampu inaitoa nje ndipo neva inatulia". FUTA. Hiyo sentensi naijua vizuri, ndiyo iliyonipa sapu, yaani mtihani wa marudio, ya Fiziolojia mwaka wa kwanza. Wenzangu likizo, bro anaoa Tanga, mimi nimebaki hosteli na mende. Nyumbani nilisema kuna mafunzo maalumu. Mama hadi leo anajua nilichaguliwa.

Kinachotuliza neva ni POTASIAMU INAYOTOKA kupitia milango yake, vile vitundu kwenye utando. Ndani ya seli potasiamu ni kama milimoli 140 kwa lita, nje 4 au 5. Sodiamu kinyume: nje kama 145, ndani kumi na kitu. Milango ya sodiamu ikifunguka, inamiminika ndani kwa sababu nje imejaa, na ndani kuna chaji hasi, kama milivolti -70, inayoivuta. Punde milango hiyo inajifunga, ya potasiamu inafunguka, chaji chanya zinatoka, ndani panarudi kuwa hasi. Hapo pampu haijaguswa.

Pampu yenyewe inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, inakula ATP moja, yaani nishati ya seli. Inalinda akiba hiyo ya ndani na nje, tena polepole. Mlango mmoja unapitisha mamilioni ya ioni, hizo chembe zenye chaji, kwa sekunde, pampu moja ni mamia tu. Msukumo wa neva, yaani huo mshtuko, unaisha ndani ya milisekunde moja au mbili, pampu haijamaliza hata duru. Ni kama kusema mafuriko ya Jangwani yalikaushwa na bibi mwenye kopo!

Na hili si langu. Mwaka 1955 wanasayansi Hodgkin na Keynes waliitilia neva ya ngisi sumu ya kuzima nishati. Utoaji wa sodiamu ukadorora, neva ikaendelea kurusha misukumo. Sisemi pampu ni bure, msinirukie: sumu ya mishale ya Wakamba na Wagiriama ina kemikali iitwayo wabaini, inaziba pampu hii hii, na mnyama anaanguka moyo ukivurugika.

Yule kaka wa mwaka wa tatu aliyeniuzia notsi kwa elfu tano pale steshenari, popote ulipo, Mungu anakuona. Kaandika kwa kalamu za rangi tatu, kapiga mistari kwa rula, nami nikadhani rangi ni akili. Mchoro ulikuwa na pampu kubwa kama tangi la maji, milango hata mmoja hakuna. Nikakariri, nikaandika kurasa mbili, nikatoka chumba cha mtihani natabasamu.

Uliuliza pia habari za kitabu na tuisheni, hayo baadaye. Kwanza hili: usitaje pampu kabla hujataja mlango uliofunguka. Ukiulizwa ioni inaenda wapi, tafuta mlango ulio wazi, ndipo uangalie wapi imejaa na chaji inavutia wapi. Mlango kwanza, mkuu. Iandike upya uiweke hapa leo, si umesema pepa ni Jumatatu?

Notsi bado ninazo. Nafunikia ndoo.