Kabla ya kukodi ghala la karafuu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama ni busara kukodi ghala la zamani karibu na bandari ya Malindi, Unguja, ili alifanye mkahawa. Nilikaa siku mbili bila kumjibu, kwa sababu wazo kama hilo ndilo lililomeza akiba yangu ya miaka sita.

Ghala langu lilihifadhi karafuu, na mpaka leo mvua ikinyesha harufu yake hutoka ukutani. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari imelala juu ya boriti za mikoko; ndiyo maana vyumba ni virefu lakini upana wake hauzidi mita tatu hivi, kwani aliyejenga alifuata urefu wa mti alioupata.

Mkandarasi niliyemwajiri alipiga plasta ya saruji, nami nikamsifu kwa jinsi ilivyong'aa. Kabla masika hayajakwisha, iliharibika. Ukuta wa namna hii hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi, na chokaa huyaacha yatoke polepole, ilhali saruji huyafungia ndani. Plasta ilivimba, ikabanduka vipande vipana kama sinia, na nyuma yake chokaa ya zamani ilimwagika kama unga nilipoigusa kwa kidole. Mkandarasi hakupokea tena simu yangu, na nakiri kwamba bado inaniuma.

Aliyeniokoa ni fundi mzee, ambaye aliniamuru nibandue saruji yote na kuuacha ukuta ukauke kabla ya kugusa chokaa. Nilipomwambia nataka kuvunja ukuta wa kati nipate ukumbi, aliuliza tu, "Na boriti zitakaa wapi, mwanangu?"

Litazameni Jumba la Forodha la zamani pale Mizingani, Mji Mkongwe: lilifanywa forodha mwaka 1928, na mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kikaanza kufundisha humo. Somo la udi au kanuni, ala za nyuzi za taarab, linaenea katika chumba chembamba. Basi nanyi tafuteni kazi inayoenea katika vyumba mlivyovikuta, acheni kiburi cha ramani mpya, na mkague jengo siku ya mvua, si siku ya jua. Mimi leo nina karakana ya useremala humo, na kila chumba kina meza moja ndefu.

Kipande kimoja cha plasta ile nimekiweka juu ya kabati. Msomaji wangu akija nitamgeuzia upande wa nyuma, ambao bado una chumvi nyeupe.