Maswali yenu: katuni ni nzuri, mbona watoto hawasomi?

Meseji zimejaa wiki hii, nyingi za wachoraji wa hapa Amu (Lamu) na wengine wa Malindi, na kilio ni kimoja: tunachora katuni za mtandaoni, tunachora riwaya za picha, watoto hawasomi. Nimechagua saba.

"Nina mafoloa zaidi ya elfu tatu Instagram, laiki zinakuja sana, lakini watoto wa mtaani kwangu hakuna aliyeiona komiki yangu. Nakosea wapi?" (Mchoraji, Langoni)

Kwanza waangalie hao elfu tatu ni kina nani. Mi nikiingia kwenye kurasa za wachoraji wetu naona wanaokoment ni wachoraji wenzao, wanasifu rangi, wanasifu kivuli, hakuna anayeuliza "halafu ikawaje?" Instagram yenyewe inataka mtu awe na miaka 13, na huku kwetu mtoto wa miaka kumi na moja hana simu, anasoma kwa simu ya mamake wakati mama yuko jikoni, na bando ni ya shilingi ishirini. Huyo ndiye msomaji unayemtaka, sasa mchoree yeye.

Juzi baada ya alasiri nilikuwa barazani na binti wa jirani, yuko gredi ya tano, nikampa simu asome komiki ya kijana mmoja wa hapa, michoro mizuri mashallah. Akatanua fremu kwa vidole viwili ayaone maneno, maneno yakaja picha ikatoka nje ya kioo, akarudisha, akatanua tena, kufika fremu ya nne kashaacha maneno anaskroli picha tu, ya saba akanirudishia simu. Nikamuuliza vipi, akaniambia "maneno madogo." Basi. Ile hadithi ilikuwa tamu na hakuijua.

Kwa hivyo chora upana wa pikseli 800 kama wanavyofanya Webtoon, lile jukwaa la komiki za mtandaoni, fremu zishuke chini moja moja, na herufi usiziache chini ya pikseli 30. Kiputo kimoja, yaani kile kiduara cha maneno ya anayeongea, maneno yasizidi ishirini, yakizidi gawanya. Ukimaliza usiangalie kwa laptopu, angalia kwa simu ndogo, nje, juani. Na ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha inabanwa, herufi zinakuwa ukungu, halafu mnasema watoto hawapendi kusoma.

"App gani nzuri ya kuchorea?" (Wengi)

Krita ni ya bure, Ibis Paint iko kwenye simu. Nimelijibu hili mara nyingi mno na sitalijibu tena, kwa sababu hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuacha komiki kwa ajili ya app.

"Niandike Kiamu, Kiswahili sanifu, Sheng ama Kizungu? Naambiwa Kizungu ndicho kina soko." (Kijana, Shela)

Umeambiwa na nani, na huyo mtu ana wasomaji wangapi wa miaka kumi? Tazama Shujaaz, ile komiki ya vijana ya hapa Kenya. Walianza 2010, wakaandika Sheng kwa sababu vijana waliowataka wanaongea Sheng, wakaitoa bure ndani ya gazeti na kwenye maduka ya M-Pesa, na 2012 wakapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Walimfuata kijana alipo, kwa lugha yake, tena kwa karatasi. Sheng yao haitakusaidia Shela, lakini njia yao ndiyo hiyo.

Mi nakushauri hivi: watu wakiongea, waongee Kiamu. Bibi aseme "ndoo" asiseme "njoo", aseme "mato", asiseme "macho". Maelezo ya pembeni yawe sanifu ili mtoto wa Malindi na wa Mombasa asipotee. Nimeona watoto wakisoma "ndoo hapa" kwenye kiputo wanaangua kicheko, wanaita wenzao, kwa sababu ni mara ya kwanza wanaona sauti ya nyumbani imeandikwa. Msiwanyime hilo. Shuleni wanakosolewa wakiongea hivyo, sasa na sisi tuwakosoe?

"Nikiwapa wanafunzi wangu komiki, wengine wanaanza na fremu ya kulia na hadithi inawavurugikia. Niwafundishe vipi?" (Mwalimu, Faza)

Mwalimu, swali lako ndilo lililonifurahisha zaidi, na ningependa wachoraji walisome mara mbili. Hao watoto hawajakosea. Chuoni, yaani madrasa, wanasoma juzuu kutoka kulia kwenda kushoto, shuleni wanasoma kutoka kushoto, macho yao yanajua njia mbili tangu wana miaka mitano. Na akishika manga ya Kijapani ambayo haikugeuzwa, hiyo kweli inaanza kulia. Mtoto anakisia tu, na anayepaswa kumwondolea kukisia ni mchoraji.

Darasani waambie waanze pale maneno ya juu kabisa yalipo upande wa kushoto, wafuate kwa kidole, siku mbili tatu wanazoea. Nyinyi wachoraji acheni kurasa zenye fremu kumi zimepangwa kama vigae vilivyoanguka. Kama ni ya kuchapisha, fremu tatu au nne kwa ukurasa, kiputo cha kwanza kiwe juu kushoto, na mtu anayeongea aangalie kule hadithi inakoenda.

"Naweza kuchukua manga, nikafuta maneno nikaweka ya Kiswahili, nikapost?" (Malindi)

Hapana. Ni kazi ya mtu, na Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001.

"Mwanangu ana miaka 12, anasoma katuni tu, vitabu hataki. Nimnyang'anye?" (Mama, Mokowe)

Usimnyang'anye dada yangu, huyo anasoma. Marekani mwaka 2020 tuzo ya Newbery, ile kubwa ya vitabu vya watoto, ilikwenda kwa riwaya ya picha, kwa hivyo haya si mambo ya kupoteza wakati. Ila kaa naye usome anachosoma. Mtandaoni kuna katuni nyingi zimechorwa kitoto na ndani ni mambo ya watu wazima, alama ya umri iko pale ndogo haisomeki. Hilo ndilo la kuogopa. Na nyinyi mnaochora za wakubwa, andikeni wazi fremu ya kwanza kabisa.

"Nimepost miezi mitatu hakuna wasomaji. Nimeamua kuacha nianze kitabu kizima cha Fumo Liyongo, kurasa 200, rangi. Unaonaje?" (Mkomani)

Miezi mitatu ndugu yangu? Raina Telgemeier, mchoraji wa Marekani, alianza kuweka kisa cha meno yake mtandaoni 2004, ukurasa mmoja kwa wiki, kitabu kikatoka 2010. Wiki ngapi hizo? Wewe nimeangalia, umepost mara nne siku moja halafu kimya siku ishirini. Mtoto harudi mahali ambapo hajui lini atakuta kitu. Chagua siku, mi napenda Ijumaa alasiri kwa sababu chuo kimefungwa, na siku hiyo usikose hata ukiwa na fremu tatu.

Kurasa 200 usianze. Nimeshaona kazi mbili tatu za hivyo zimeishia ukurasa wa kumi na tisa, na kwa Liyongo inaniuma zaidi kuliko zote. Chukua kile kipande cha gereza peke yake. Liyongo amefungwa, kijakazi Saada analeta chakula, walinzi wanakula mikate mizuri, ule wa wishwa (pumba) wanautupia mfungwa kwa dharau, na ndani yake mama ameficha tupa, kile chuma cha kukatia mnyororo. Mtoto yeyote wa hapa anajua mkate ni nini na njaa ni nini, huhitaji kumweleza kitu. Karatasi moja ya A4 ukiikunja na kuipasua kati inakupa kurasa nane ndogo, nyeusi na nyeupe, unaipiga fotokopi. Ukurasa wa sita mkate umevunjwa. Wa saba ngoma ya gungu imepamba moto nje, matari na pembe, watu wote wanaimba. Wa nane usiandike maneno, chora mkono, chora mnyororo na tupa, na ile sauti ya chuma kusuguliwa iwe kubwa ijaze ukurasa, ikatike hapo.

Nakala ishirini za kwanza niletee mimi, nitaziweka barazani siku ya Ijumaa.