Kumfundisha mtoto kushona viblanketi vya vipande: mtoe kwanza kwenye cherehani

Dada umeuliza mawili kwa mpigo, binti yako wa miaka 7 anakung'ang'ania kila ukikaa kushona umwanzishie wapi, na hivi viblanketi vidogo vya vipande tunavyobadilishana wanawake tunavifanyaje. Naanza na mtoto maana hapo ndo nilipoharibu mimi mwenyewe.

Mtoe kwenye cherehani. Najua ndicho anachokitaka, anasikia ule mlio anaona mama anakimbiza kitambaa, na yeye roho inamdunda. Wangu nilimkalisha akiwa na miaka 6, cherehani ya miguu, miguu yake haifiki chini nikawa nakanyaga mimi yeye anaongoza kitambaa, siku ya pili tu sindano ikampitia pembeni ya kucha. Haikuwa kidonda cha maana lakini miezi minne nikifungua cherehani anahama chumba. Kwahiyo tulivyoanza tena tulianza na sindano ya mkono, mkekani, mchana kweupe.

Na hata hapo usimwanzishie miraba ile ya kukata sawasawa na kuunganisha, atachoka kabla hajaona kitu. Mimi nilitumia njia ya Wasiddi, wale watu weusi wa Karnataka kule India, mababu zao wengi walitolewa pande hizi za Afrika Mashariki wakapitishwa Goa enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona blanketi la vipande vya nguo kuukuu wanaita kawandi, kwa mkono mwanzo mwisho, na raha yake ni kwamba hakuna kupima. Unatandika kitambaa cha chini, unaanzia pembeni, unakunja ukingo wa kipande ndani unakilaza juu, unapita na bandi, ile mishono ya kuingiza na kutoa sindano kwa mstari, mpaka upande wa chini, kipande kinachofuata kinafunika ukingo wa kile cha kwanza, hivyo hivyo unazunguka kama unafukuza nyoka mpaka unafika katikati. Mwisho pembe nne zinawekwa vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaita phula yaani maua, kwao bila hayo maua blanketi liko uchi. Binti yangu aliposikia neno "uchi" alicheka mpaka akalala chini, na mpaka leo maua hasahau hata akisahau kula.

Kwa mtoto anza na kadogo, inchi 8 kwa 8 basi, kama sahani. Uzi usizidi urefu wa mkono wake mwenyewe, ukimpa mrefu utakaa unafumua mafundo wewe. Kitambaa kitafute kanga iliyochakaa, ile ya kubebea mtoto iliyofuliwa miaka, sindano inapita yenyewe. Kitenge kipya kina ile gundi kinakuwa kigumu, vidole vya mtoto haviwezi, mimi mwenyewe subana, ile kofia ya chuma ya kukinga kidole, inanitoka. Mchoree mstari kwa penseli, mwambie bandi zake zitembee juu ya mstari na zisizidi urefu wa punje ya mchele, hazitatembea juu ya mstari wala hazitakuwa punje ya mchele lakini ana kitu cha kulenga. Dakika 15 au 20 funga duka hata kama bado anataka, hasa kama bado anataka.

Sasa hili nakwambia kwa aibu. Kiblanketi chake cha kwanza kilikuwa na bandi zingine ndefu kama kidole, nikaona si tutaanika chakavu mbele ya wageni, usiku kalala nikafumua mistari mitatu nikairudia vizuri, nikarudisha sindano pale pale alipoiacha. Asubuhi kakaa kakitazama, kakigeuza, akaniuliza "mama huu ni wa nani?" Nikamwambia wako. Akasema wangu ulikuwa unapinda hapa. Aisee. Hakulia wala nini, akakiweka tu, na ilichukua wiki mbili kushika sindano tena, na siku hizi akimaliza anaondoka nacho analala nacho chini ya mto. Usifumue. Kama bandi ni ndefu mno zitashika vidole, mpitishie mwenyewe mstari mwingine katikati yake, siyo umwondolee wake.

Haya, kubadilishana. Sisi tuko wanawake 9, Tanga, Muheza, Pangani na mmoja yuko Dar, tuna grupu la WhatsApp. Ni kama mchezo ila badala ya hela ni kiblanketi. Tunapiga kura, kila mtu anamjua aliyemvuta yeye tu, tunapeana miezi miwili, ukimaliza unakituma kwa basi, nauli ya kifurushi unalipa mtumaji. Kipimo chetu ni inchi 12 kila upande, cha kutundika ukutani au kuwekea chai. Tulianza bila kipimo mtu akaleta kama kitambaa cha jasho mwingine akaleta shuka la kitanda, ikawa maneno.

Ukitaka miraba, 16 inatosha, minne kwa minne. Kata inchi 3 na nusu, mshono chukua robo inchi, unabaki na 3 kamili, mara nne ni 12. Wewe ni fundi nguo kwahiyo hapa ndipo utakapoanguka, mkono wetu umezoea kuacha mshono mpana ili mteja akinenepa tufungue, huku robo ni robo, ukizidisha kidogo tu kwenye kila mshono unamaliza una inchi 11 na kitu na pembe hazikutani. Pasi nayo, safu ya kwanza lalisha mishono yote kushoto, ya pili yote kulia, ukiziweka pamoja zinashikana zenyewe huhitaji hata pini nyingi. Katikati wengi wananunua ile dakroni ya mito, mimi sipendi, inatembea. Naweka kipande cha blanketi kuukuu, kinakaa kimya. Piga bandi kubwa kubwa kushikiza matabaka matatu, afu ndo ushone mistari yako, ukimaliza unazitoa. Kufunga pindo kata utepe wa inchi 2 na nusu uukunje katikati. Na kila kitu kifue kwanza, mimi nilituma chenye kanga nyekundu sijakiloweka, mwenzangu alivyokifua ule upande mweupe ukatoka waridi, kastaarabu tu hakusema kwenye grupu.

Ila kisa cha kanga kubwa ni kingine, na hapa jihadhari wewe na binti yako. Mzunguko uliopita binti alinisaidia kuchagua vipande, ndo kwanza kaanza kusoma, kila penye maandishi anasoma kwa sauti. Kwenye mabaki kuna kanga imekatwa jina likabaki neno moja, WIVU. Karukaruka, "mama nimelisoma lote!" akataka likae katikati, mimi niko bize na pindo nikamwambia weka. Wala halikunipita akilini. Likaenda Pangani kwa mama mmoja mtu mzima ambaye nilikuwa sijawahi hata kuonana naye.

Jioni ile inaingia voisi noti, dakika nzima, sauti ya upole ile ya kuogopesha. "Mwanangu nimepokea, Mungu akubariki, kazi nzuri, ila nimekaa nafikiri, mimi na wewe hatujawahi kukosana, kama kuna neno umelisikia kwangu niambie." Jamani. Nilitamani kupasuka. Mtu wa pwani unamtumia WIVU kwenye kanga halafu unategemea anywe chai! Nikampa binti simu amweleze mwenyewe, akamwambia bibi ni mimi, nililisoma lote peke yangu, mama hakunisaidia. Yule mama alicheka mpaka akakohoa. Akasema basi atalitundika sebuleni, na wageni wakiuliza atawaacha wajiulize kila mtu na lake.

Kwahiyo vipande vyenye maandishi visome wewe kabla ya mtoto.

Sindano mnunulie zile za tundu kubwa, chukua pakiti nzima maana zitapotea, na kwa mwezi mzima huu usitembee peku sebuleni.