Lita si kilo: kwa mnaoanza kuuza mafuta ya kupima

Wadogo zangu mnaoanza biashara ya mafuta ya kupima, kabla hamjapanga bei shikeni hili kwanza: lita moja ya mafuta haifiki kilo moja. Maji ndiyo lita yake ni kilo. Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu yake, na lita yake ina kama gramu 920. Kwa hiyo lita 20 ni kilo 18.4, na kilo 20 ni karibu lita 21.7. Una lita na unataka kilo? Zidisha kwa 0.92. Una kilo na unataka lita? Gawanya kwa 0.92.

Mimi nililipia somo hili. Nikiwa bado mgeni pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, mama mmoja mwenye mgahawa aliniagiza kilo 20. Nikampelekea dumu la lita 20, tukaliweka kwenye mizani, mshale ukasimama 19 na nusu. Nikaona kasoro ni ndogo tu. Mama akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na dumu lenyewe je?" Dumu tupu lilikuwa na kilo moja na ushee. Siku ile nilimwongezea karibu lita mbili kutoka mfukoni mwangu. Tangu hapo napima dumu tupu kwanza, naandika uzito wake ubavuni kwa kalamu ya wino mzito.

Kwenye bei ndipo wengi mnapoumia bila kujua. Tuseme umenunua lita kwa shilingi 5,000. Kilo moja ya mafuta hayo imekugharimu kama 5,435. Ukiuza kilo kwa 5,300 utadhani umepata faida ya 300, kumbe kila kilo inakula mtaji wako shilingi 135. Muulize anayekuuzia, muulize na anayenunua: tunapatana kwa kilo au kwa lita? Muulize kabla pesa haijatoka.

Jambo la pili ni joto, na huku kwetu nyanda za juu linasumbua kweli. Mafuta yakipata moto hutanuka, yakipoa hunywea, uzito haubadiliki. Ukienda kukamua alizeti, ukajaza dumu mafuta yakiwa bado ya moto kutoka mashineni, ukirudi nyumbani utakuta yameshuka. Yakitoka nyuzi 60 hadi 20, lita 20 hupungua zaidi ya nusu lita. Kabla hamjamtuhumu dereva au mwenye mashine, rudisheni dumu kwenye mizani. Nimeshuhudia watu waliofanya kazi pamoja muda mrefu wakikosana kwa jambo hili, na iliniuma, kwa sababu hakuna aliyeiba. Ukiweza, subiri mafuta yapoe na mashapo yatulie ndipo upime. La sivyo patana kwa kilo.

Kipimo chako kijaribu kwa maji. Weka chombo kitupu kwenye mizani, soma uzito, kisha kijaze maji hadi kwenye alama. Cha lita moja kinapaswa kuongezeka gramu 1,000 hivi. Ukikikausha vizuri na kukijaza alizeti, ongezeko ni 920. Ikitofautiana sana, ama chombo kina bonde ama mizani imechoka. Kwa biashara tumia vyenye muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Kwa wapishi: kijiko kikubwa cha mililita 15 ni kama gramu 14, kikombe cha mililita 250 ni gramu 230.

Mawese ya Kyela yana tabia yake. Kule chini kwenye joto yanamiminika, lakini ukiyapandisha Mbeya mwezi wa saba asubuhi utayakuta yameganda. Ukiyachota hivyo, kipimo kinabaki na mianya ya hewa na mengine yanang'ang'ania ukutani, mteja anapunjika. Mimi huyapima kwa mizani tu. Anayetaka kwa lita namwomba asubiri niyapashe kwanza, dumu likae ndani ya beseni la maji ya moto hadi yalainike yote.