Kuku wanakwamwa na mayai: je, niwape kalsiamu ya maji?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga kuku wa mayai wapatao 200 wenye umri wa miezi sita. Chakula ninachanganya mwenyewe, na katika kila kilo 100 za mahindi, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa ninaweka kilo 3 za chokaa ya mifugo. Siku hizi ninaokota mayai yenye ganda laini, kuku wawili wamekufa wakiwa wamekwamwa na yai, na mmoja njia yake ya yai ilitokeza nje akadonolewa na wenzake. Muuza dawa amenishauri niwape kalsiamu ya maji, pamoja na kuku wangu wadogo wa wiki kumi. Je, nifuate ushauri huo? – Mfugaji, Morogoro

JIBU: Kwa hao wakubwa, dawa hiyo itasaidia kwa siku chache tu, kwa sababu upungufu wenyewe umo katika mchanganyiko wako. Chokaa ya mifugo ina kalsiamu ya takriban asilimia 38, hivyo kilo 3 zinakipa chakula chako asilimia 1 na ushei, kiwango kinachomfaa kuku anayekua, ilhali anayetaga anahitaji asilimia 3.5 hadi 4. Ganda moja hubeba gramu 2 hivi za kalsiamu, na kuku asipoipata katika chakula huichota katika mifupa yake. Misuli inayosukuma yai nayo huhitaji kalsiamu ili ijikaze. Ndiyo maana kuku huyo huyo anayetaga yai laini ndiye anayekwamwa nalo.

Ongeza chokaa hadi ifike kilo 8 au 9, na uhakikishe kuna vitamini D3, ambayo bila hiyo kalsiamu nyingi hupita tu na kinyesi. (Chokaa ya kupakia kuta isiingie kabisa katika chakula, kwani huunguza.) Sehemu ya kalsiamu hiyo iwe ya magamba ya konokono au chaza yaliyovunjwavunjwa kiasi cha punje za mtama, uwape alasiri. Ganda hujengwa kwa muda wa saa 20 hivi, sehemu kubwa usiku kuku akiwa amelala, na chembe kubwa hubaki kwenye firigisi zikiyeyuka polepole wakati chokaa ya unga imekwisha kupita.

Wale wa wiki kumi usiwape dawa hiyo wala chakula cha wanaotaga. Kalsiamu iliyozidi huharibu figo za kuku ambaye hajaanza kutaga, na madhara yake huenda yakaonekana baadaye kabisa, anapoanza kufa katikati ya utagaji.

Aliyekwamwa mtenge, umwekee sehemu ya nyuma katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kisha upake mafuta kwenye tundu la kutagia. Usilivunje yai ndani. Kutokeza kwa njia ya yai kuna sababu nyingine pia, hasa unene na kuanzishwa kutaga mapema kwa taa za usiku. Kama unawasha taa, mwanga wote kwa siku usizidi saa 16.

Maganda ya mayai yakiendelea kuwa laini au yenye mikunjo baada ya wiki mbili, na ute wa yai ukawa mwepesi kama maji, mwite daktari wa mifugo achunguze mdondo na mkamba wa kuku, maana magonjwa hayo huharibu mfumo wa uzazi na hakuna kalsiamu itakayoyatibu.