Re: Ndege wanaruka kila tukipita bwawani

Habari ndugu. Umesema vitwitwi (wale ndege wadogo wanaodonoa matopeni) na bata wa bwawa la nyuma ya mtaa wenu huruka kila mkienda kukimbia asubuhi, na sasa mnataka kuchanga pesa mjenge ua. Subirini kidogo, angalieni mbwa kwanza. Huku kwetu Kasarani, mtu akipita taratibu kwenye njia ileile ya kila siku ndege hawashtuki sana, lakini mbwa mmoja asiyefungwa kamba huwatimua wote.

Pia mtazame ndege mwenyewe. Akiacha kudonoa matopeni, akanyoosha shingo na kuanza kutikisatikisa mwili, umeshamkaribia mno. Rudi nyuma, na ukipita, pita kwa ubavu, usimwelekee. Wapiga picha waambieni hivyohivyo, hao ndio wabishi!

Machi na Aprili kuweni wakali zaidi. Wakati huo ndege wanaohama wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kaskazini, wengine hadi Siberia, na kila wakirushwa wanachoma akiba hiyo na kukosa muda wa kula.

Je, njia yenu inapita upande wa matope au wa matete? Kama ni matope, ihamisheni.